Kuna Nini Ndani ya Kasi ya Singeli?

Ilikuwa mwezi wa saba, usiku, Nkuhungu, kwenye harusi ya binamu yangu. Upepo wa Dodoma wa msimu ule wenyeji wanaujua: unaleta vumbi na baridi kwa mkupuo mmoja, wazee wote wamejifunika mashuka mazito na wamesogea karibu na ukuta. Mpaka saa nne muziki ulikuwa wa kawaida, kwaya kidogo, bongo fleva, rumba moja mbili za kuwainua wakubwa. Kisha DJ akaweka singeli, ule muziki wa kasi uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam. Vijana wakaingia uwanjani kama mtama uliomwagwa kutoka guniani. Bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Bahi, mwanamke aliyepiga ngoma tangu angali msichana, akanivuta mkono akaniuliza: "Mjukuu wangu, huu ni muziki au mashine ya kusaga imekatika mkanda?"

Nilicheka, halafu nikashindwa kumjibu. Naipenda singeli, naicheza, nagombana na watu wanaoidharau, lakini swali lake lilihitaji mtu anayejua kuielezea kipande kwa kipande. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta jibu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Fundo la kwanza ni majina. Ukikaa kijiweni hapa Majengo utasikia singeli, mchiriku, mnanda, kigodoro na bongo fleva vikitajwa kama kitu kimoja, wakati kila kimoja kina kwao.

Anza na mdundiko. Hiyo ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na pwani yake. Ni ngoma ya kutembea: inapita mtaani, watu wanatoka majumbani na kuifuata. Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, ni mtoto wa mjini wa ngoma za namna hiyo. Vijana wa uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei nafuu ambavyo mzazi angemnunulia mtoto, wakavipitisha kwenye vipaza sauti chakavu mpaka sauti ikakwaruza, wakaweka ngoma pembeni na mwimbaji mmoja asiyechoka. Kundi la Jagwa Music lilibeba sauti hiyo mpaka nje ya nchi, na mwaka 2012 ikatoka albamu yao ya Bongo Hotheads. Ukisikiliza mchiriku leo utaona kwamba kasi haikuletwa na kompyuta. Ilikuwepo.

Kigodoro ni sherehe, mkesha wa mtaani unaofanyika kwenye harusi, kumtoa mwali au kumcheza mtoto. Barabara inazibwa, spika zinapangwa, watu wanacheza mpaka alfajiri. Jina lenyewe wengine wanalieleza kwa nguo zinazotunishwa makalioni wakati wa kucheza, wengine wanasema ni kwa sababu sherehe hailali, bora uje na godoro lako. Vyovyote iwavyo, bila kigodoro singeli isingezaliwa, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na tatizo la kutatua: utawachezesha vipi watu mia mbili usiku kucha wakati huna bendi na huna fedha za bendi?

Jibu lilitoka kwenye taarab. Taarab ya kisasa, ile ya akina Jahazi na East African Melody, ndiyo iliyokuwa ikitawala sherehe za uswahilini. Nyimbo zake ni ndefu, na ndani yake kuna vipande ambamo mwimbaji ananyamaza, kinanda na ngoma vinabaki peke yao vikizunguka. Anayeijua taarab anajua kwamba hapo ndipo kina mama wanapoinuka. Madijei wa Manzese, Tandale na Mburahati, mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, waliliona hilo. Wakakikata kile kipande, wakakizungusha kisikatike, wakakiharakisha, na kijana mmoja akapewa maiki ili aseme juu yake. Hiyo ndiyo singeli ya mwanzo, katika miaka ya 2000.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie nami, kwa sababu ndilo jambo lililonishika kuliko yote.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx jijini New York, kijana mhamiaji kutoka Jamaika aliyejiita Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji wanasubiri sehemu moja tu ya wimbo: pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akatumia santuri mbili za wimbo uleule, moja ikimaliza kile kipande anaanzisha nyingine, ili zile sekunde chache zigeuke dakika nyingi. Juu yake akawa anatamka maneno ya kuwapa watu moto, akiwataja rafiki zake kwa majina. Watu wanaoandika historia ya hip hop huanzia hapo.

Weka Manzese pembeni ya Bronx uone. Mtaa wa watu wasio na fedha. Sherehe ya kifamilia. Hakuna bendi. DJ anatafuta kipande ambacho miili inakisubiri, anakizungusha, na mwenye maiki anataja majina ya waliohudhuria. Sina ushahidi kwamba wale vijana wa Manzese walikuwa wakimuiga Herc, na siamini hivyo. Hali ileile ilizaa ufumbuzi uleule, zaidi ya miaka 30 baadaye, kwenye kichwa cha Kiswahili. Ndiyo maana mtu akiniambia singeli haina uhusiano na hip hop, namuuliza anamaanisha hip hop ipi.

Maana hip hop iliyokuja Tanzania mwanzoni ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ilikuja kwenye kaseti na kanda za video, kwa vijana waliokuwa na ndugu nje au wenye uwezo wa kuzipata, na mwanzoni ilichanwa kwa Kiingereza. Saleh Jabir alipoweka Kiswahili juu ya biti ya Kimarekani mwaka 1991, watu walishangaa kwamba lugha yetu inaweza. Mwaka 1993 likaja kundi la Kwanza Unit, kisha Mr. II, yaani Sugu, na baadaye Profesa Jay, wakaipeleka kwenye maisha ya mtaani na kuiachia huko. Na wao pia waliambiwa ni wahuni. Kizazi changu hapa Dodoma kiliwaona wakipita na suti kuelekea bungeni: Joseph Mbilinyi, ndiye Sugu, akiwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010, na Joseph Haule, ndiye Profesa Jay, wa Mikumi tangu 2015. Mwaka 2016, akiwa bado mbunge, Profesa Jay alitoa Kazi Kazi akiwa na Sholo Mwamba, mtu wa singeli. Wapo mashabiki wa hip hop walioona amejishusha. Mimi niliona mzee wa ukoo amemtambua mjukuu.

Sasa turudi kwa bibi na mashine yake ya kusaga, yaani kwenye kasi.

Hip hop ya kawaida huenda kwenye mapigo 90 hivi kwa dakika. Singeli inaanzia 200 na kufika 300. Si muziki wa kwanza duniani kukimbia kwa sababu ya wachezaji wake. Huko Marekani, Baltimore walijenga muziki wa klabu wa mapigo 130 kwa kuzungusha vipande vya ngoma vya santuri za zamani, na Chicago ikatoa ule wa kushindana kwa miguu, watu wamesimama duara, mapigo 160. Kila mji ulichagua mwendo wa miili yake. Lakini 240 ni habari nyingine, na inahitaji hesabu kidogo.

Mapigo 240 kwa dakika ni mapigo manne kwa sekunde. Hakuna mtu anayekanyaga hatua nne kwa sekunde usiku kucha. Mchezaji anafanya nini, basi? Anagawa. Miguu inachukua pigo moja na kuacha moja, inabaki na hatua 120 kwa dakika, mwendo wa mtu anayewahi daladala Jamatini. Kiuno kinaweza kufuata miguu, au kikajitenga na kuchukua mapigo yote kwa kutetemeka kidogokidogo. Mabega na makofi yanachukua pigo moja katika manne: mara 60 kwa dakika, mara moja kila sekunde. Huo ni mwendo wa kutwanga kinuni. Ndani ya wimbo mmoja kuna mienendo mitatu, kama saa tatu za ukutani zinazokwenda pamoja, na mchezaji mzuri wa singeli ni yule anayehama kutoka saa moja kwenda nyingine bila kuanguka katikati.

Usiku ule wa harusi, kama dakika tano baada ya swali lake, niligeuka nikamkuta bibi anapiga makofi. Polepole, mkono wake umetulia, mara moja kila mapigo manne. Hakukosea hata mara moja. Mimi niliyejifanya mjuzi sikuwa nimewahi kuisikia ile saa ya polepole iliyo ndani ya singeli. Aliyenionyesha ni yeye.

Kwa nini ilifika huko juu, lakini? Sababu hazifanani uzito. Moja ni ya kifundi tu: ukiharakisha kanda, sauti nayo inapanda, na ukiiharakisha mara mbili inapanda oktava nzima. Kinanda cha taarab kikipandishwa hivyo kinaacha kubembeleza, kinalia kama ndege aliyenaswa, na watu waliupenda ule mlio. Nyingine ni mashindano ya mtaa na mtaa; DJ wa huku akiweka 200, wa kule anaweka 220. Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Mpiga ngoma anachoka mkono, kompyuta haichoki. Muziki ulipohamia kwenye kompyuta, zikaja programu za kutengenezea na kuchanganyia muziki kama FL Studio na Virtual DJ, breki iliyokuwa ndani ya mwili wa mpigaji ikaondoka, na wachezaji ndio wakabaki wakiamua ukomo uko wapi. Studio kama Sisso ya Mburahati na Pamoja Records zilikulia kwenye uhuru huo: chumba kidogo, kompyuta, kinanda, maiki, na vijana wanaopokezana kuanzia asubuhi.

Na mwenye maiki, anawezaje? Watu wanadhani MC wa singeli anakimbiza maneno kuliko uwezo wa ulimi. Jaribu hili. Sema "wakitusimulia" kama unavyolisema kila siku. Umetoa silabi saba, na imekuchukua kama sekunde moja. Singeli ya mapigo 240 inakupa mapigo manne kwa sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo MC akiweka silabi moja kwenye kila pigo, anasema taratibu kuliko anavyosema akiwa nyumbani kwake. Akiweka mbili, silabi nane kwa sekunde, hapo ndipo anakimbia kweli, na ndipo utasikia watu wakipiga kelele.

Kiswahili kinamsaidia sana. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, mdomo unafunguka kila mara, hakuna rundo la konsonanti za kumkwamisha mtu mwishoni mwa neno. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, unatabirika, na MC hodari anaupanga mkazo huo uangukie kwenye pigo zito. MC asiyelijua hilo utamsikia tu: maneno yote yapo, lakini yanaelea juu ya biti kama mafuta juu ya maji.

Maneno yenyewe yametoka kwenye taarab kwa upande wa mipasho na mafumbo, na kwenye mtaa kwa mengine yote: kodi ya chumba, mwenye nyumba, shemeji asiyeeleweka, marafiki wanafiki, na sasa hivi mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa. Man Fongo alipotoka na Hainaga Ushemeji mwaka 2016, nchi nzima iliushika msemo ule. Msaga Sumu, anayeitwa mfalme wa singeli, amejenga jina lake kwa kusema mambo ambayo watu husema nyuma ya mlango. Zipo pia nyimbo ambazo siwezi kuzitetea. Zinamsema mwanamke kama bidhaa, na kasi inasaidia kuficha ukali wa maneno mpaka mtoto wa darasa la pili anayaimba bila kujua. Ninaposema naipenda singeli sisemi naipenda yote.

Safari ya singeli kutoka kigodoro mpaka redioni ilichukua muda. EFM ya Dar es Salaam ndiyo iliyoipa nafasi hewani kwa bidii katikati ya miaka ya 2010, wakati wengine waliiona ya wahuni, neno lilelile waliloambiwa akina Sugu. Kisha likatokea jambo ambalo hapa nyumbani halikusikika sana. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na wasikilizaji wa Ulaya wakapigwa na butwaa. Wakafuata akina Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na MCZO, baadaye DJ Travella. Huko nje walio maarufu zaidi ni madijei na watengeneza biti. Hapa kwetu ni MC. Mzungu haelewi maneno, kwa hiyo anasikia mashine. Sisi tunaelewa maneno mno, tunasahau kuisikiliza mashine. Nadhani kila upande una nusu ya muziki.

Dodoma iliipokea kama inavyopokea vitu vingi, kwa barabara. Flashi kwenye redio ya basi, memori kadi ya dereva wa bodaboda, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaotoka Temeke na Kinondoni. Baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, wakaja pia watu wazima na sherehe zao, na tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam mwaka 2024, DJ anaweza kupiga Mburahati Ijumaa na akawa Nzuguni Jumamosi mchana. Leo harusi ya Chang'ombe au Kizota isiyo na nusu saa ya singeli vijana wanaihesabu haijaisha.

Lakini mji huu haukuwa ukisubiri kufundishwa mdundo. Wagogo wanaimba kwa sauti zinazoingiliana, kila mmoja na njia yake, kwa ustadi uliowaleta watafiti wa muziki kutoka mbali. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alibeba ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze mpaka kwenye majukwaa makubwa ya dunia na kurekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, kabla hajafariki Desemba 2003. Na ipo muheme.

Muheme ndiyo ngoma ya bibi yangu. Wapigaji ni wanawake. Ngoma imebanwa kati ya mapaja, imekatika kiuno katikati, na mikono miwili inaipiga huku mwili mzima ukiinuka na kushuka nayo. Hakuna anayepiga wimbo mzima peke yake. Mmoja anashika pigo la msingi, wengine wanaingia kwenye nafasi zilizobaki, na mdundo unaousikia ukiwa mbali haupigwi na mtu yeyote mmoja; unatokea katikati yao. Alipokuwa akipiga makofi pale Nkuhungu alikuwa akifanya alichofanya maisha yake yote: kutafuta nafasi iliyobaki.

Hilo linanifanya niiulize singeli swali zito. Kwenye kigodoro mwanamke ndiye kiini cha uwanja, kila jicho liko kwake, lakini mwenye maiki mara nyingi ni mwanamume, na mwenye kompyuta mara nyingi ni mwanamume. Kwenye muheme mwanamke ndiye anayeshika ngoma, anayeamua mwendo upande au ushuke, na wengine tunafuata. Katika mambo ambayo Dodoma ingeweza kuipa singeli, hilo naliweka mbele ya sauti yoyote ya ilimba.

Nina kijana wa jirani, anatengeneza biti chumbani kwake kwa kompyuta iliyovunjika kioo pembeni. Miezi michache iliyopita alirekodi ngoma za kina mama wa kijijini kwao kwa simu, akazikata, akazizungusha, akazipandisha hadi 220. Aliponisikilizisha nilisisimka. Nikamwomba twende kwa bibi.

Bibi alikuwa anachambua mchicha. Akaisikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu, akaomba irudiwe. Mara ya pili akaweka ungo chini, akaanza kugonga paja lake kwa kiganja, akaacha, akaanza tena, akaacha.

"Hii umeikata ikiwa haijakamilika, mwanangu," akamwambia. "Anayeanza namsikia. Anayemjibu yuko wapi?"

Kijana akafungua kompyuta, akarudisha rekodi nzima kwenye mwendo wake wa kawaida, na bibi akainama karibu na spika. Ilipofika kama nusu ya dakika ya pili, akainua kidole: "Huyo hapo. Ulimwacha nje."

Kijana akaweka alama pale, akaanza kukata upya.